Mashine na Mwenye Mashine

Kila panapozuka mjadala juu ya muziki wa taifa, hazikosi kusikika sauti mbili. Ya kwanza ni ya wazee wetu na baadhi ya walimu, wasemao kwamba muziki utokao katika mashine za umeme si muziki, na kwamba kijana aketiye mbele ya kompyuta ameuacha utamaduni wake mlangoni. Ya pili ni ya vijana wenyewe, waaminio kwamba aliyepata programu mpya amekwisha kuwa mtunzi. Sauti hizi hugombana, lakini mzizi wake ni mmoja: zote mbili hukipa chombo mamlaka ya mtu. Sisi tunazikataa zote mbili. Tutaeleza sababu zetu kwa kutazama vyombo vya kundi moja la ng'ambo, kisha tutarudi nyumbani.

Kundi hilo ni Kraftwerk la Ujerumani, na maana ya jina lake ni kituo cha kuzalishia umeme. Lilianzishwa mwaka 1970 mjini Düsseldorf na Ralf Hütter na Florian Schneider. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1946, wa pili mwaka 1947. Walikulia katika nchi iliyoshindwa vita, ambayo redio zake zilijaa nyimbo za Marekani na Uingereza, na bendi zake nyingi ziliona fahari kuimba Kiingereza. Msomaji wa Kiafrika hahitaji kufafanuliwa hali hiyo, anaijua. Vijana hao walikuwa wamesomea muziki. Schneider alipiga filimbi, Hütter alipiga kinanda. Swali lililowasumbua lilikuwa hili: muziki wa watu wa viwandani, wa barabara zao na treni zao, na wa lugha yao wenyewe, usikike namna gani?

Vyombo walivitafuta baada ya kuwa na swali. Walinunua Minimoog, kinanda kidogo kilichotengenezwa Marekani, ambacho hakina nyuzi wala mabomba ndani yake. Sauti yake huundwa kwa mkondo wa umeme, kisha mpigaji huichuja, huinoa na kuikata apendavyo. Hütter amepata kusimulia kwamba bei yake ililingana na bei ya gari lake la Volkswagen. Ngoma za kuwafaa hawakuziona dukani, basi wakajitengenezea: vibao vya chuma vilivyounganishwa kwa nyaya, ambavyo vilipoguswa kwa fimbo ya chuma umeme ulipita na mlio ukatoka. Wakatumia vokoda, chombo kinachounganisha sauti ya binadamu na sauti ya kinanda hata mashine ikaonekana inasema. Wakatumia pia sikwensa, chombo kinachoshika mfululizo wa noti na kuurudia bila kuchoka. Mwaka 1974 wakatoa Autobahn, wimbo wa zaidi ya dakika 22 juu ya barabara kuu ya Kijerumani, ulioimbwa kwa Kijerumani. Mashine ya Kimarekani ikafundishwa lugha ya wenyeji wa Düsseldorf, ikatii.

Sasa tuwajibu vijana wetu. Mwaka 1981 kundi hili lilitoa sahani iitwayo Computerwelt, yaani ulimwengu wa kompyuta. Hütter ameeleza kwamba walipokuwa wakiitunga hawakuwa hata na kompyuta. Walikuwa na fikra juu ya kompyuta, na fikra hiyo ilitangulia chombo. Kompyuta zilikuja baadaye, na kufikia mwaka 2002 walisimama jukwaani nyuma ya kompyuta mpakato zenye programu za kutungia muziki, na yale makabati ya vyombo yakabaki nyumbani. Vyombo vilibadilika mara kadhaa katika miaka hiyo thelathini, lakini tungo zilizowakusanya wasikilizaji zilikuwa zile zile. Ajigambaye kwa jina la programu yake ni kama mkulima ajigambaye kwa mpini wa jembe ilhali shamba lake lina magugu.

Na wazee wetu, wasemao kwamba chombo cha kigeni huzaa muziki wa kigeni, tunawajibu kwa heshima. Mwaka 1982, katika jiji la New York, Afrika Bambaataa wa Bronx na wenzake walitoa wimbo uitwao Planet Rock. Walichukua mawazo ya Kraftwerk, wakayafunga juu ya mashine ya ngoma iliyotengenezwa Japani, Roland TR-808, wakapata muziki ambao si wa Kijerumani wala wa Kijapani. Ulikuwa muziki wa vijana weusi wa mitaa yao. Tena tusiende mbali. Ni nani leo asemaye kwamba taarabu si yetu? Ikhwani Safaa iliundwa Unguja mwaka 1905, na udi, kanuni na fidla havikuchongwa kwa mara ya kwanza Malindi wala Ng'ambo. Vilikuja na majahazi na meli, vikakaa barazani, vikajifunza Kiswahili. Kilichokubaliwa kwa fidla hakiwezi kukataliwa kwa kompyuta kwa sababu tu ina waya.

Pengine tutaambiwa kwamba Wajerumani wale walikuwa na fedha. Ni kweli, baba yake Schneider alikuwa msanifu majengo mwenye jina. Lakini watazamwe wapiga mchiriku wa Dar es Salaam. Walichukua vinanda vidogo vya Casio, ambavyo wengine waliviona vya kuchezea watoto, wakavipitisha katika vipaza sauti vya pembe na kuviwasha kwa betri ya gari, wakakesha na umma uswahilini. Wadogo zao wa singeli walichukua kompyuta za kawaida, wakaukimbiza mwendo hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, wakazaa muziki ambao dunia sasa inautafuta. Hawakungoja kupewa vyombo bora, wala hawakumwomba mtu ruhusa ya kuvitumia kinyume cha kitabu cha maelekezo.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba mashine haina mila yake. Hapa ndipo penye hatari, na wanaoitaja ni wachache. Programu nyingi za muziki, zinapofunguliwa, humpokea mtunzi kwa mwendo uliokwisha kuwekwa, mara nyingi mapigo 120 kwa dakika, kwa hesabu ya mapigo manne manne, na kwa sauti 12 zilizogawanywa sawasawa. Aliyeziandika ameweka humo mazoea ya kwao. Sasa mpe ilimba ya Wagogo. Sauti zake hazikai katika hatua hizo 12; zimefuata mpangilio mwingine, wenye utamu wake. Kijana asiyejua hilo ataisikia ilimba kupitia kompyuta na kuhukumu kwamba babu yake alikosea, kumbe ni mashine ambayo haikuambiwa. Programu nyingi hukubali kupangwa upya, ila hupangwa na ajuaye anachokitaka. Asiyejua hupangwa yeye. Vilevile programu huja na vipande vya muziki vilivyokwisha kupigwa na wengine. Mwenye kuviunga-unga vipande hivyo na kuviita tungo yake amevaa nguo ya kuazima, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba nguo hiyo haisitiri.

Kwa hiyo kazi iko shuleni. Mwalimu wa fizikia afundishapo mawimbi ya sauti, asiishie katika mchoro ubaoni; aulize kwa nini zeze na filimbi zikipiga noti moja bado hutambulikana. Hilo ndilo swali ambalo kila kinanda cha umeme kiliundwa kulijibu. Mwalimu wa muziki awatume wanafunzi kwa wazee wenye ngoma, wakarekodi kwa simu, wakahesabu mapigo, wakaandika ni sauti ipi iko juu ya ipi. Wakifika mbele ya kompyuta, kama shule inayo, wafike wakiwa na la kuiamuru. Na kama shule haina, watakuwa wamekwisha kupata sehemu kubwa ya elimu hiyo, kwa sababu masikio hayanunuliwi dukani.

Hatuwaombi wazee waache kulinda, wala hatuwaombi vijana waache kujaribu. Tunawataka wote waache kuiogopa mashine na waache kuiabudu. Waliotengeneza vibao vya chuma kule Düsseldorf na waliowasha kinanda kwa betri ya gari kule uswahilini walijua jambo moja, nalo ndilo tunalotaka kila mwanafunzi wetu alijue kabla ya kuugusa ufunguo wa kwanza: ngoma hulia kwa amri ya mpigaji, na mpigaji asiye na lake la kusema atapigiwa na ngoma yake.