Kipimo Huanzia Mkononi

Wengi hudhani kwamba usahihi wa kipimo hutokana na ubora wa mashine peke yake. Sivyo. Panya wa maabara akamatwapo, tezi zilizo juu ya figo zake humwaga homoni ya kotikosteroni, na kiasi chake katika damu huanza kupanda baada ya dakika 3 hivi. Damu ikichukuliwa baadaye, mashine itapima barabara hofu iliyoletwa na mtafiti mwenyewe, na dawa inayojaribiwa itasingiziwa kosa lisilo lake. Hivyo, kumshika mnyama kwa upole na wepesi si huruma tu, bali ni sehemu ya kipimo. Yafaa mwanafunzi afundishwe kuuliza kwanza, "Damu hii ilichukuliwaje?" ndipo aulize, "Ni kiasi gani?"