NASAHA KWA VIJANA: Shahada ni Ushahidi



Ndugu zangu Waislamu, wazee kwa vijana, mwezi huu nimeletewa swali ambalo sikutazamia kuulizwa katika chuo cha Kurani hapa Majimoto. Kijana mmoja niliyemfundisha alifu na be utotoni mwake, na ambaye sasa anasoma elimu ya mitandao ya kompyuta mjini, alikuja kunizuru siku za mavuno ya mpunga. Tulipokwisha sali Alasiri akanishika mkono akasema: "Maalim, ninajitayarisha kwa mtihani mzito. Wenzangu wamenunua maswali yaliyoibwa pamoja na majibu yake, nao husema hapana dhambi, kwa kuwa huu si mtihani wa dini. Nami nimekwisha toa fedha zangu, ila sijayafungua. Wasemaje?"

Si haki kuhukumu jambo usilolijua, na elimu yangu mimi ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Kwa hiyo nilimtaka kwanza anieleze mtihani wenyewe, nami nawasimulia kama nilivyofahamu.

Mtihani huo huitwa CCNA. Hutolewa na Cisco, kampuni ya Marekani inayounda mashine za kuunganisha kompyuta, na ulianza mwaka 1998. Muda wake ni dakika 120. Ukishajibu swali ukaenda la pili, huna ruhusa ya kurudi nyuma. Ada yake ni dola 300, na anayeshindwa hungoja siku 5 kisha hulipa upya. Kwa mkulima wa bonde letu, fedha hizo ni magunia ya mpunga yasiyo machache. Tena anayefaulu, shahada yake hudumu miaka 3 tu, kisha yampasa kuihuisha.

Faida ya elimu hii haihitaji maelezo mengi. Tangu nyaya kubwa zilizolazwa chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mambo mengi ya nchi yetu yamekuwa yakipita humo. Fedha hutumwa kwa simu, matokeo ya mitihani ya watoto wetu husomwa katika intaneti, na afisi hupelekeana barua kwa nukta chache. Lazima wawepo watu wa kuitengeneza njia hiyo na kuilinda. Kwa nini wasiwemo vijana wa Kiislamu wa Katavi?

Nikamwuliza, "Ni jambo gani linalokushinda zaidi?" Akajibu kuwa ni kugawa anwani za mtandao. Akanichorea chini kwa kijiti. Fungu moja lina anwani 256. Ukiligawa nusu, hupata 128. Robo yake ni 64. Thumuni yake ni 32. Katika kila fungu, anwani ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, na ya mwisho ni ya kuwatangazia wote, basi hizo mbili hazipewi kompyuta yoyote. Kwa hiyo afisi yenye kompyuta 25 yatoshwa na thumuni, kwa maana 32 ukiondoa 2 zabaki 30.

Nilicheka, nikamwambia: "Mwanangu, hesabu hii unayo tangu chuoni. Umesahau mirathi? Mke hupata robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa ameacha. Umegawa nusu, robo na thumuni kabla hujaiona kompyuta!" Wala jambo hili si la ajabu. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa zama za Khalifa al-Ma'mun, karne ya 9, aliandika kitabu cha al-jabri, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi na wasia. Na kutokana na jina lake wataalamu wa kompyuta hata leo huita utaratibu wa kufanya hesabu algorithimu. Basi asikudanganye mtu kwamba elimu hii ni ngeni kwetu.

Kisha nikamjibu swali lake. Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni akaona rundo la chakula. Akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, akabainisha kwamba mdanganyifu hayumo pamoja naye. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim. Sisi wakulima wa mpunga twaijua maana yake vizuri: gunia hutazamwa juu, na ubovu huwa chini.

Mwenye shahada ya maswali ya kuibwa ni rundo hilo hilo, kwani juu ni karatasi kavu nzuri, na chini ni ujinga. Neno shahada maana yake ni ushahidi. Karatasi ile yashuhudia mbele ya watu kuwa fulani anajua, na ikiwa hajui, basi ni ushahidi wa uwongo. Siku mtandao wa hospitali utakapokatika, naye ndiye aliyeajiriwa kuutengeneza, mgonjwa atangoja hali yeye anakisia. Na ule mshahara aupokeao kila mwezi, auhesabu kuwa ni nini?

Tena kila aingiaye katika mtihani ule hukubali kwanza sharti la kutoyatoa maswali yake. Basi auzaye amevunja ahadi, naye anunuaye amepokea cha wizi. Na hapa hapa duniani, anayegunduliwa huweza kufutiwa shahada na kuzuiwa asifanye mtihani tena.

Basi ajitayarishe vipi? Kama mwenye kuhifadhi Kurani. Asome sehemu ndogo kila siku, na aipitie ya jana kabla ya kushika ya leo, kwani kisichodurusiwa hukimbia kama ngamia asiyefungwa. Agawe wakati wake kwa uzito wa masomo: robo nzima ya mtihani ni juu ya njia za kupitisha habari kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, basi robo ya juhudi yake iende huko. Afanye kwa mkono, asisome kwa macho tu. Iko programu iitwayo Packet Tracer, isiyolipiwa, ambayo humwezesha mwanafunzi kujenga mtandao mzima ndani ya kompyuta moja, auharibu na autengeneze. Na amfundishe mwenziwe, maana aliposhindwa kueleza ndipo asipojua.

Nanyi wazazi, msimharakishe kijana kwa maneno ya "fulani amekwisha pata." Haraka hiyo ndiyo inayowapeleka wengi kwa wauzaji. Mpeni wakati, na akishindwa kwa haki, mpokeeni kwa heshima.

Kijana yule alinyamaza kitambo. Kisha akatoa simu yake, akayafuta yale maswali mbele yangu bila ya kuyafungua, akasema: "Maalim, fedha zimekwenda. Nitausogeza mtihani mbele, nami baba nitamweleza mwenyewe." Nikamwambia, "Hiyo iliyokwenda ni hasara ndogo." Nilimwombea dua, akapanda gari kesho yake alfajiri.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi taufiq.