Dau la Dola 41



Katika toleo hili tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya watoto na barua za bibi zao. Barua hazina budi kungoja. Ramadhani ya mwaka 2025 limetokea jambo baina ya nyumba mbili za jamaa zetu hapa Toronto, nasi tuliitwa kulisuluhisha. Wenyewe wameturidhia tulisimulie bila ya majina. Chanzo chake ni golikipa mmoja wa mchezo wa magongo ya barafuni, ambaye hajui kuwa sisi tupo duniani.

Wazazi wenye watoto wa kiume, na siku hizi wa kike pia, wanaujua mchezo huo hata kama hawaupendi. Sisi tuliokulia kwenye joto, mara ya kwanza tulipouona tulidhani ni ugomvi ulioandaliwa kwa makusudi, na watu wamelipa kiingilio kuutazama. Watoto wetu wanauona kwa jicho jingine. Wao wamezaliwa na barafu.

Sasa vijana kumi na wawili wa jumuiya yetu wana kitu wanachokiita ligi ya kubuni. Kila mmoja huchagua wachezaji wa kweli kutoka ile ligi kubwa iliyoanzishwa Montreal mwaka 1917, yenye timu 32 za Kanada na Marekani, akawafanya kikosi chake kwenye karatasi. Mchezaji akifunga usiku ule uwanjani, mwenye kikosi naye hupata alama. Golikipa akiokoa, alama. Mwandishi Daniel Okrent pamoja na rafiki zake walianzisha ligi yao ya namna hii New York mwaka 1980, kwa ajili ya besiboli.

Wako wazazi waliotuuliza kama hii si kamari. Tuliwauliza vijana kabla ya kuuliza jambo jingine lolote. Hakuna anayetoa ada wala anayepokea fedha. Mshindi hukabidhiwa kikombe cha bati kilichonunuliwa na mjomba wa mmoja wao asiyecheza. Zinazobaki hapo ni hukumu za mashekhe, si zetu, ila tulitaka mjue kwamba dola tutakazozitaja hapa chini zote ni za hewani.

Wachezaji ambao hakuna kijana aliyewachagua huitwa wachezaji huru, na hapo ndipo penye mnada. Kila kijana hupewa dola 100 za kubuni mwanzo wa msimu, zimtoshe hadi mwisho. Akizimaliza mwezi wa pili, atakaa mikono mitupu. Anayemtaka mchezaji huru huandika dau lake kwa siri, na Jumapili saa nne usiku madau hufunguliwa, mwenye dau kubwa akamchukua. Golikipa ndiye wa kugombaniwa kuliko wote. Kila timu humweka mmoja tu langoni kwa wakati, timu ni 32, na vijana wetu kumi na wawili walikuwa wamekwisha kuwashika makipa ishirini na wanne. Hesabu ni nyepesi. Wanaobaki ni wachache, na wengi wao ni wa akiba, wanaokaa benchi wakingoja mwenzao aumie.

Katikati ya Ramadhani hiyo mmoja aliumia, na wa akiba wake akawa dhahabu.

Vijana wawili walimtaka. Ni watoto wa dada wawili wa tumbo moja. Mkubwa, mwenye miaka kumi na tisa, ndiye msimamizi wa ligi. Ziko programu za simu zinazopokea madau na kuyaficha hata kwa msimamizi mwenyewe, lakini vijana hawa hawakuchagua mpangilio huo mwanzoni mwa msimu, na walipozinduka wakaona njia iliyo nyepesi ni kila mtu kumtumia msimamizi dau lake kwa ujumbe wa simu. Naye msimamizi, fahamuni hili, ana kikosi chake na yumo katika kugombea.

Jumapili ya tarehe 16 Machi mdogo alituma dau la dola 41 saa kumi na moja jioni, kabla ya kufuturu, kisha akenda msikitini na baba yake. Saa zilikuwa zimepelekwa mbele wiki moja kabla, kwa hiyo Isha ilichelewa, na saa nne usiku watu walikuwa bado wamo katika tarawehe. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama ipasavyo. Alipoiwasha akaona matokeo: golikipa amechukuliwa na msimamizi kwa dola 42, dau lililoandikwa saa tatu na dakika 52.

Dola moja.

Angepitwa kwa dola kumi, nadhani hili lisingetufikia. Dola moja ndiyo iliyouma. Mdogo alisema mbele ya wote kwamba ameibiwa. Mkubwa akajibu kwamba anasingiziwa. Wiki ile ile sinia ya futari iliyokuwa ikitoka nyumba moja kwenda nyingine kila Ijumaa, tangu dada hawa walipofika nchi hii, haikutoka.

Tuliwaita wote wawili sebuleni kwetu. “Shikamoo Mwalimu,” wakasema kwa pamoja, wakakaa mbalimbali.

Mkubwa alikuwa na hoja, nasi tukiri kuwa ilikuwa nzuri. Alisema, “Mwalimu, mimi namjua huyu. Zamani alikuwa akiandika 20, 30, 40. Tangu alipopitwa mara mbili kwa dola moja amejifunza kuandika 21, 31, 41. Golikipa huyu thamani yake ni kama arobaini. Mtu yeyote anayemjua angeandika 42.” Mdogo akasema, “Na kwa nini aliandika dakika nane kabla ya saa, baada ya langu kukaa kwake saa tano?” Kanuni yao iliruhusu dau kubadilishwa hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo hata katika hilo mkubwa hakuvunja neno lolote lililoandikwa.

Tulilala na jambo hilo siku mbili. Yakatujia mawazo mawili ya kwetu. La kwanza ni mnada wa samaki pale Darajani. Mnadi anataja bei, kila mtu anaisikia, na anayetaka anapanda. Hapo kumpita mwenzio kwa shilingi moja si dhambi wala aibu, maana naye anakuona na ulimi anao; akitaka, atapanda tena. Fiqhi inaukubali mnada wa namna hiyo, na inalolikataza ni najshi, mtu kupandisha bei hali hana nia ya kununua. La pili ni zabuni za shule, tulipokuwa tukifundisha. Mahindi na maharage ya mabweni yalinunuliwa kwa bahasha zilizofungwa, zikatiwa katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mkuu wa shule na mwingine kwa mwenyekiti wa wazazi. Na mkuu wa shule mwenye duka la nafaka hakushika ufunguo siku hiyo. Hakuna aliyemwita mwizi. Hakushika tu.

Vijana hawa walikuwa wameichanganya minada hiyo miwili bila kujua. Kwa kumi na mmoja ulikuwa mnada wa bahasha, na kwa mmoja ulikuwa mnada wa wazi ambao wenzake hawawezi kumjibu.

Hata hiyo ligi kubwa ya kweli inalijua tatizo hili, ingawa dawa yake ni nyingine. Agosti 2024 timu ya St. Louis iliwatolea madau vijana wawili wa Edmonton, Philip Broberg na Dylan Holloway, wa kwanza zaidi ya dola milioni nne na nusu kwa mwaka, wa pili zaidi ya milioni mbili. Edmonton iliambiwa bei yenyewe waziwazi na ikapewa siku saba: toa kiasi hicho hicho ubaki nao, au waache uende na fidia. Iliwaacha, ikapata nafasi za kuchagua chipukizi. Mashabiki wa Edmonton walinung'unika sana, lakini hapakuwa na aliyedai kwamba bahasha ilichunguliwa.

Basi tulihukumu hivi: dau la msimamizi limebatilika, na golikipa ni wa mdogo kwa dola 41. Tulisema sababu si wizi, kwa kuwa wizi hatukuuona. Sababu ni kwamba mwenye kushika bahasha za wenzake hana haki ya kutia yake.

Hukumu bado tunaiona ni ya haki. Namna tulivyoitoa haikuwa. Tuliwaambia wawili hawa peke yao, na mkubwa akatoka na uso uliopotea rangi. Vijana wengine kumi walisikia tu kwamba amenyang'anywa, nao wakajaza sababu wenyewe. Mama yake alitupigia simu usiku ule. “Mwalimu, mwanangu umemwandika mwizi,” alisema, na tulipoanza kumweleza habari ya kufuli mbili, alikata. Mtu aliyesimama mbele ya madarasa miaka thelathini alipaswa kujua kuwa linalosemwa faraghani hutoka nje likiwa limeshonewa nguo nyingine. Ilitubidi kwenda kwenye ukumbi Jumamosi iliyofuata, baada ya futari, kuwaambia vijana wote, mkubwa akiwapo, kwamba kosa lilikuwa la kanuni, na kwamba walioitunga walikuwa kumi na wawili.

Hapo ndipo yalipoanza mashauri mazuri. Binti mmoja anayesoma uchumi alipendekeza mshindi alipe dau la pili badala ya lake: aliyeandika 60 akimpita wa 41, alipe 41. Ndivyo alivyoeleza mwaka 1961 mtaalamu William Vickrey, mzaliwa wa Victoria katika nchi hii hii, aliyetunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1996. Kwa kanuni hiyo kila mtu huandika thamani anayoiamini kweli, na wa kuchungulia hana kikubwa cha kufaidi. Wenzake walimsikiliza kwa heshima, wakakataa, wakisema mtu akiandika 60 na alipe 60. Walikubaliana pia kwamba madau yakilingana mchezaji aende kwa aliye chini zaidi katika msimamo, na kwamba katika Ramadhani madau yafungwe kabla ya magharibi.

Na bahasha? Zimekabidhiwa kwa bibi mmoja wa hapa kwetu, muuguzi mstaafu, asiyejua tofauti ya golikipa na refa. Kila Jumapili hupokea madau katika simu yake na kuyasoma kwa sauti mbele ya wote. Mara ya kwanza aliwauliza kama ni dola za kweli, ili ajue kama awapigie simu mama zao.

Golikipa mwenyewe alifungwa mabao mengi wiki ile, na mdogo akatolewa. Sinia ilitoka usiku wa ishirini na saba, kutoka kwa dada mdogo. Ilirudi siku ya Idi na kaimati ndani.