Kijerumani cha Ankara na Mkataba

Mkulima wa Nachingwea anaijua lugha ya mnada. Anajua korosho ya daraja la kwanza na ya pili, anajua makato ya chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS) na ya chama kikuu cha RUNALI, na bei ikisomwa akaiona haifai, anajua kuikataa. Elimu hiyo ameipata kwa jasho, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kusini mwaka 2007. Tatizo ni kwamba inaishia mlangoni pa ghala. Kutoka hapo korosho ghafi hupakiwa melini kwenda India na Vietnam, hubanguliwa huko, kisha sehemu yake huuzwa Ulaya, na Ujerumani ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa.

Ndiyo maana toleo hili linadai jambo moja: vijana wa Nachingwea na Ruangwa wafundishwe Kijerumani cha biashara na fedha. Kijerumani chenyewe si kigeni huku. Wabenediktini wako Ndanda, jirani zetu, tangu 1906. Ila tulichokizoea ni cha kanisani na hospitalini. Cha ankara hatujakigusa.

Chukua neno *freibleibend*. Kwa sheria ya Ujerumani, anayetoa ofa hufungwa nayo, isipokuwa ameeleza kwamba haimfungi, na neno hilo moja linatosha kueleza hivyo. Chama kisicholijua kitawatangazia wanachama bei ambayo hakuna aliyeiahidi. Au *Skonto*, punguzo la anayelipa mapema. Likiwa asilimia 2 kwenye ankara ya euro 50,000, ni euro 1,000 zinazoondoka kihalali kabisa, na mhasibu asiyelitarajia atadhani ameibiwa. Lipo pia *Kasse gegen Dokumente*: mnunuzi hulipa hati za mzigo zinapomfikia, kabla hajauona mzigo wenyewe. Hamburg kuna chama cha wafanyabiashara wa karanga, korosho na matunda makavu, Waren-Verein, kilichoanzishwa mwaka 1900, chenye masharti yake ya mauzo na usuluhishi wake. Ukisaini mkataba unaofuata masharti hayo, umekubali shauri lako lisikilizwe huko.

Wapo watakaosema Wajerumani wanaandika Kiingereza. Barua, ndiyo. Lakini mnunuzi anapozungumza na benki yake au wakili wake, Kiingereza hukaa pembeni.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hatubangui vya kutosha, basi tutamuuzia nini Mjerumani? Ni kweli. Hata hivyo, viwanda vya korosho vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 vingi viliishia kuwa maghala, na kuvijenga tena bila watu wanaoweza kumtafuta mnunuzi na kusoma masharti yake ni kurudia njia ileile. Ruangwa nako kuna madini ya kinywe. Mradi wa Epanko kule Mahenge, wa madini hayohayo, umeshafanya mazungumzo ya mkopo na benki ya Kijerumani, KfW IPEX. Mazungumzo ya namna hiyo yakifika Ruangwa, tunataka mtoto wa Ruangwa awe mezani akisoma nakala yake mwenyewe.

Goethe-Institut ipo Dar es Salaam na inafundisha. RUNALI na halmashauri zetu mbili zigharamie wachache, na wa kwanza wawe makarani na wahasibu wa AMCOS, kwa sababu wao tayari wanashika vitabu vya fedha za wakulima. Wapelekwe minada ikishafungwa, wakati ofisi zimetulia.