MSHAHARA WA MWEZI, KODI YA MWAKA

Tarehe 25 Julai 2016, Siku ya Mashujaa, Rais John Magufuli alitangaza mjini Dodoma kwamba Serikali sasa itahamia huko kweli, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kulala katika majalada kwa zaidi ya miaka arobaini. Wizara zikahama, mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na vijana wengi wanaoajiriwa hupangiwa kazi katika mji wasio na ndugu wala jamaa. Uamuzi ule ulikuwa sahihi na hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni juu ya yale yanayomkuta kijana huyo anaposhuka kwenye basi na sanduku lake, akaanza kutafuta chumba.

Atakayempokea kwanza ni dalali. Atatozwa fedha ya kuonyeshwa vyumba, hata asipokipenda kimoja. Akikipenda, dalali atadai kodi ya mwezi mzima kuwa ujira wake. Ndipo atakapotajiwa sharti lenyewe: miezi sita kwa mkupuo, na kwa wengine mwaka mzima. Tuseme chumba na sebule ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 900,000. Ongeza 150,000 za dalali, jumla ni 1,050,000, naye hajanunua godoro, ndoo wala jiko. Nani miongoni mwetu alianza kazi akiwa na milioni moja mfukoni? Mwajiri humlipa mwisho wa mwezi, baada ya jasho kutoka. Posho ya kujikimu ya siku chache humalizikia katika nyumba ya kulala wageni. Basi ama atawaandikia wazazi wauze ng'ombe, wazazi walewale waliokwisha kuuza wengine kwa ajili ya masomo yake, ama atajitumbukiza katika mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina linaloistahili: kausha damu. Mwalimu wa namna hiyo husimama mbele ya darasa lake la kwanza akiwa tayari ni mdaiwa.

Sasa tuulizane bila kuoneana haya: mwenye nyumba huyo ni nani? Ni rahisi kumchora kabaila mwenye kitambi anayehesabu noti barazani, kisha sote tukamzomea. Lakini tukienda Area C, Kisasa au Nkuhungu tukabisha hodi, hatutakosa kufunguliwa mlango na mtumishi mwenzetu. Atakuwa mhasibu, mwalimu mkuu au ofisa utumishi, aliyejenga vyumba vinne uani kwa mkopo wa benki unaokatwa kidogo kidogo katika mshahara wake. Yeye amepewa miaka kadhaa ya kulipa. Mpangaji wake hampi hata wiki mbili. Asubuhi ofisini humwita kijana yule Ndugu, na jioni humfanyia yale ambayo benki haikumfanyia yeye.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliiona hatari hii mapema. Lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na kwa maana ya Azimio kiongozi alikuwa pia mtumishi wa Serikali wa ngazi ya kati na ya juu. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likaliondoa katazo hilo. Hatudai lirudishwe kama lilivyokuwa. Nyumba za watumishi zimewasitiri watu wengi ambao Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, halikuweza kuwafikia. Tunachosema ni kwamba mlango ulifunguliwa bila kuwekwa kizingiti. Kisha mwaka 2005 ikafutwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango, na mpangaji akaachiwa karatasi ya mkataba iliyoandikwa na upande mmoja.

Watatokea wa kutujibu kwamba wapangaji hutoroka usiku na madeni. Hutoroka, ni kweli, na wengine huacha vitasa vimeng'olewa. Saruji na mabati havigawiwi bure pia. Lakini mtumishi wa umma atatorokea wapi? Mwajiri wake anajulikana, kituo chake kinajulikana, na mshahara wake hupita benki kila mwezi. Benki huitazama hati ya mshahara wake ikamkopesha mamilioni kwa miaka mingi. Mwenye nyumba huitazama hati ileile akataka miezi sita taslimu. Hiyo si tahadhari. Ni kumkopa asiye nacho, tena bila riba, ili mwenye nacho amalizie paa la chumba cha tano.

Njia ipo wala si ngumu. Ada za Chama cha Walimu na za TUGHE hukatwa katika mishahara kila mwezi bila mwanachama kufuatwa nyumbani. Utaratibu huohuo unaweza kumkata mpangaji anayeridhia na kumlipa mwenye nyumba mwezi kwa mwezi, pamoja na amana ya mwezi mmoja kwa ajili ya vitasa vile. Vyama vya wafanyakazi vilipaswa kulidai jambo hili zamani. Vinanyamaza kwa nini? Pengine kwa sababu wenye nyumba nao ni wanachama, tena wale wanaosikilizwa zaidi mikutanoni.

Ama kwa wakubwa wanaojaza kila mwaka tamko la mali na madeni mbele ya Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, tunapendekeza fomu ile iongezewe safu moja tu karibu na idadi ya nyumba: mpangaji alitakiwa kulipa miezi mingapi kabla ya kukabidhiwa ufunguo.