Tuwaulize Wafiwa, Tuwaokoe Walio Hai

Ndugu msomaji, mzee mmoja anarudi kutoka shambani kwake katika miteremko ya milima ya Uluguru. Ghafla mdomo unapinda, mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito. Siku ya tatu anazikwa. Baadhi ya majirani wanasema amerogwa; wengine wanasema siku zake zilikuwa zimetimia. Hakufikishwa hospitali, wala maradhi yake hayakuandikwa popote. Je, Taifa litajuaje kilichomwua?

Swali hilo ndilo lililoushughulisha mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima, ulioanza mwaka 1992 katika sehemu tatu: Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Watu wa kila kaya walihesabiwa. Kifo kilipotokea, wahudumu wa afya waliofunzwa kazi hiyo waliwaendea wafiwa na kuwauliza kwa upole: ugonjwa ulianzaje, ulichukua siku ngapi, upande gani ulipooza? Kisha madaktari waliyapima majibu hayo na kuamua sababu ya kifo.

Matokeo ya miaka mitatu ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2000, yanavunja dhana kwamba kiharusi ni ugonjwa wa matajiri na Wazungu. Miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 64, katika kila wanaume 100,000, kiharusi kiliua 35 kwa mwaka huko Morogoro Vijijini na 65 Dar es Salaam. Kwa wanawake, walikufa 27 na 88. Katika Uingereza na Wales, mwaka 1993, hesabu hiyo haikufika 11 kwa wanaume wala 9 kwa wanawake. Watafiti walidhani chanzo kikubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa.

Ndugu msomaji, ugonjwa usiohesabiwa hautengewi dawa. Mradi ule umekwisha zamani, lakini wajibu umebaki kwetu. Kifo kikitokea nyumbani, kiandikishwe. Na mhudumu wa afya akija kuuliza, aelezwe ukweli bila kuona haya. Nawe uliye mzima, nenda ukapimwe, kwa maana shinikizo la damu mara nyingi halitoi dalili. Ukipewa dawa, usiziache kwa kuwa tu umejisikia nafuu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.