Ukurasa wa Nyumbani: Buti, Mkanda na Makochi ya Ngozi

Katika nyumba ya askari ngozi haikosekani. Imo katika buti za kazi, katika mkanda, katika mkoba wa mama na katika viatu vya shule vya watoto. Na katika nyumba nyingine imefunika makochi ya sebuleni, yaliyonunuliwa kwa akiba ya miaka kadhaa. Kwa kuwa vitu hivi hudhaniwa kuwa vigumu, hutupwa uvunguni au huachwa juani, kisha vikipasuka lawama humwangukia fundi aliyevishona. Aghalabu fundi hana kosa. Ngozi huharibikia nyumbani, mikononi mwa wenyewe, na mambo yanayoiharibu zaidi ni manne: moto, unyevu, uchafu na ukosefu wa mafuta.

Yafaa kwanza kuijua ngozi yenyewe. Ngozi mbichi ya ng'ombe huoza kama nyama. Ili idumu hutiwa dawa kiwandani, ama kwa maji ya magome ya miti kama vile miwati, ama kwa chumvi za kromu, njia iliyoenea viwandani tangu mwisho wa karne ya 19. Kisha hutiwa mafuta, ili nyuzi zake zipate kuteleza kila ngozi inapokunjwa. Mafuta hayo yakipungua, nyuzi husuguana na kukatika, na ufa hutokea pale kiatu kinapojikunja karibu na vidole. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ngozi ni mbaya kuliko ule wa nyumba, kwa sababu hakuna rangi wala dawa iwezayo kuziunga tena nyuzi zilizokatika. Hapana budi kuuzuia kabla haujatokea.

Adui mkubwa ni moto. Katika miezi ya mvua, ambayo kusini mwa Uganda ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, askari hurudi kutoka zamu ya usiku na buti zilizolowa chepechepe. Kesho alfajiri kuna gwaride, basi buti huwekwa kando ya sigiri. Hili ni kosa. Ngozi iliyolowa haivumilii joto kama ngozi kavu. Hujikunyata hata kwa joto lililo chini ya lile la maji yanayochemka, na gundi ya soli huachia. Asubuhi buti zimekauka kweli, lakini zimekuwa kama ubao. Mwenye kuzivaa hutembea nazo maili kadhaa, akapata malengelenge, na lengelenge likipasuka huwa kidonda. Hapo fedha ya buti ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni mguu, kwa maana askari asiyeweza kutembea huwaongezea wenzake mzigo.

Njia iliyo sawa haina gharama. Kamba zitolewe, na soli ya ndani itolewe ikiwa yatoka. Matope yafutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Kisha buti zijazwe magazeti makuukuu, ambayo hunyonya maji kutoka ndani na kulinda umbo lisibonyee. Magazeti yabadilishwe baada ya saa moja au mbili, kila yanapolowa, na buti ziwekwe kivulini penye upepo. Huenda zikahitaji siku nzima au zaidi. Kwa hiyo mwenye jozi mbili na azivae kwa zamu, kwani hata jasho la mguu lahitaji muda wa kukauka.

Kuhusu kusafisha, makosa mengi hutokana na bidii isiyo na maarifa. Wako wanaosugua ngozi kwa sabuni ya kufulia, wakidhani kwamba povu jingi ndilo usafi. Sabuni hiyo ina ukali wa magadi, hali ngozi ina asili ya uchachu kidogo. Ikisuguliwa hivyo mara kwa mara hupoteza mafuta yake na kukakamaa. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, petroli na mafuta ya taa ni vibaya zaidi. Vumbi liondolewe kwa brashi kavu, kisha ngozi ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Ikiwa uchafu umeganda, itumike sabuni laini kidogo sana, au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi.

Ngozi ikiisha kukauka ndipo ipakwe dawa ya viatu. Dawa ile ambayo watu wengi huiita kiwi, hata ikiwa ya kampuni nyingine, ilipata jina hilo kutokana na Kiwi, iliyoanza kuuzwa Melbourne, Australia, mwaka 1906. Kazi ya dawa hii ya nta ni kung'arisha na kuzuia maji. Haitoshi kuilisha ngozi. Kwa hiyo mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi na vumbi, ngozi ipakwe mafuta yake maalumu, kidogo kidogo, kwa kitambaa laini. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa maana huchacha, hunuka na kunasa vumbi. Viatu vya ngozi yenye malaika kama mahameli visipakwe dawa ya nta kabisa. Vyatosha kupigwa brashi vikiwa vikavu.

Mkanda nao una habari yake. Ule mkanda wa maofisa wenye ukanda mwembamba upitao juu ya bega la kulia waitwa Sam Browne, kwa jina la ofisa wa Kiingereza aliyepoteza mkono wa kushoto vitani nchini India mwaka 1858, akabuni namna ya kuuchukua upanga wake kwa urahisi. Mkanda wa namna hii uning'inizwe au uviringwe kwa ulegevu. Ukikunjwa kwa nguvu hupasuka. Pale shaba inapogusa ngozi hutokea uchafu wa kijani. Ufutwe kwa kitambaa kikavu, na dawa ya kusugulia shaba isiguse ngozi. Bastola nayo isihifadhiwe siku nyingi ndani ya mfuko wake wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na chuma hupata kutu.

Makochi yawekwe mbali na dirisha lipitishalo jua kali, ambalo hufifisha rangi na kukausha mafuta. Yafutwe vumbi kila juma, hasa katika mikunjo, kwa maana mchanga husaga ngozi kila mtu anapoketi. Mafuta ya chakula yakimwagika, yasisuguliwe. Yafyonzwe kwa kitambaa, kisha inyunyizwe poda na kuachwa usiku kucha. Kabla ya kutumia dawa yoyote mpya, ijaribiwe kwanza nyuma ya kochi pasipoonekana. Mnunuzi naye achunguze upande wa ndani: ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi, hali ngozi bandia huonyesha kitambaa kilichofumwa.

Katika miji iliyo kando ya ziwa, kama vile Entebbe na Jinja, adui wa kimya ni ukungu. Vitu vya ngozi visifungwe ndani ya mifuko ya plastiki, bali vifunikwe kwa kitambaa cha pamba, na kabati lifunguliwe mara kwa mara. Ukungu ukitokea, kitu kipelekwe nje kabla ya kupigwa brashi, mbali na watoto, wasije wakavuta vumbi lake.

Kazi yote hii haimalizi nusu saa kwa juma. Si haki kumwachia mama peke yake, wala kumtwisha mtoto buti za baba kama adhabu. Baba akiketi na wanawe jioni ya Jumapili, kila mmoja na kiatu chake, watoto watajifunza kwa kutazama, na kiatu cha shule kilichokuwa kikifa kwa muhula mmoja huenda kikamaliza mwaka. Fedha iliyosalia itanunua madaftari.